Anayesahau Rakaa Lakini Hasahau Yasini

Katika nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, wengi wamewahi kuliona jambo hili wakalihesabu kuwa ni uzee tu. Mzee anasimama kuswali adhuhuri, na akifika katikati anakwama, hajui kama aliyo nayo ni rakaa ya pili au ya tatu. Anasujudu sijda ya kusahau, kama alivyofundishwa, na kesho yake hali ni ile ile, mpaka siku moja anatoa salamu na baada ya dakika chache anamwita mjukuu amletee maji ya udhu, kwa kuwa hakumbuki kwamba ameshaswali. Lakini mzee huyo huyo, ukimwanzia Sura ya Yasini aliyoihifadhi chuoni akiwa mtoto wa miaka minane, ataisoma mpaka mwisho bila kukosea irabu.

Tofauti hiyo ndiyo inayowatatanisha watu wa nyumbani. Inakuwaje mtu asahau alichokifanya robo saa iliyopita, na akumbuke alichojifunza miaka sabini iliyopita? Wapo wanaosema anajifanya, kwani angekuwa mgonjwa kweli angelisahau lote. Wapo wanaosema ametupiwa jambo. Mtafiti wa magonjwa ya ubongo na neva akisimuliwa habari hiyo hashangai hata kidogo, kwa sababu kusahau kwa mpangilio huo, la jana likaondoka na la utotoni likabaki, ni mojawapo ya alama za mwanzo za ugonjwa wa Alzheimer. Ili kueleza kwa nini iwe hivyo, hatuna budi kwanza kutenganisha maneno mawili yanayochanganywa kila siku.

Demenshia si jina la ugonjwa mmoja. Neno hilo linafanya kazi kama neno homa linavyofanya kwetu. Mtu mwenye homa huenda ana malaria, au taifodi, au kidonda kilichooza, na daktari anayemwandikia mgonjwa “homa” pekee bado hajasema lolote. Vivyo hivyo demenshia ni hali ya akili kudhoofika, kumbukumbu, lugha, uamuzi na uwezo wa kujiendesha, kwa kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kuishi kama alivyozoea, na nyuma ya hali hiyo kuna magonjwa mbalimbali. Alzheimer ndiyo iliyo nyingi zaidi, na Shirika la Afya Duniani huikadiria kuwa chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya visa vyote. Kisha kuna demenshia inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, ambayo mara nyingi hufuata nyayo za kiharusi na shinikizo la damu, na kuna nyingine zisizo nyingi kama hizo. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demenshia, na zaidi ya asilimia 60 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo anayedhani haya ni maradhi ya Wazungu na nyumba zao za wazee, hesabu zinamkatalia.

Dhana kwamba ni uzee tu nayo ina historia yake, na inashangaza kwamba madaktari wenyewe walichangia kuijenga. Mwaka 1901, katika hospitali moja ya Frankfurt nchini Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimpokea mwanamke aitwaye Auguste Deter, mwenye umri wa miaka 51, aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu na kujawa na shaka juu ya mumewe. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akaona mambo mawili, mabonge yaliyotapakaa nje ya seli za neva, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Aliyawasilisha aliyoyaona mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen mwezi Novemba mwaka huo, na mwaka 1910 Emil Kraepelin, mkubwa wake wa kazi, akaupa ugonjwa huo jina la Alzheimer katika kitabu chake cha tiba. Kwa kuwa mgonjwa yule wa kwanza hakuwa kikongwe, ilishikiliwa kwa miongo mingi kwamba Alzheimer ni ugonjwa adimu wa watu wa makamo, na kwamba mzee wa miaka 80 anayepoteza akili haumwi chochote, umri umemfika. Ni mwaka 1976 ndipo Robert Katzman, daktari wa neva wa Marekani, alipotoa hoja kwamba ubongo wa huyu na ubongo wa yule, ukitazamwa kwa hadubini, una mambo yale yale, na kwa hiyo ugonjwa ni mmoja. Kwa kauli hiyo, maradhi yaliyokuwa adimu yakageuka kuwa miongoni mwa maradhi makubwa ya dunia, ilhali hakuna mgonjwa mpya hata mmoja aliyekuwa ameongezeka siku hiyo.

Mabonge aliyoyaona Alzheimer yameumbwa kwa protini iitwayo amiloidi, ambayo mwaka 1984 watafiti George Glenner na Caine Wong walifaulu kuitenga na kuieleza muundo wake. Nyuzi zilizosokotana ni za protini nyingine, tau. Katika seli yenye afya tau ina kazi ya maana. Ndani ya kila seli ya neva mna njia ndefu na nyembamba za kusafirishia mahitaji kutoka kiini hadi ncha, na tau huzishikilia njia hizo zisifumuke. Anayeujua mtepe, ile mashua ya kale ya pwani yetu ambayo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari, atalielewa jambo hili kwa wepesi: tau ni kamba ile. Ugonjwa unapoingia, kamba huachia mbao, zikajisokota zenyewe kwa zenyewe, na chombo kikaanza kufumuka. Seli haipati chakula chake, mawasiliano yake na wenzake hukatika, na hatimaye hufa. Wataalamu wengi wanaamini kwamba amiloidi ndiyo inayotangulia na tau ndiyo inayoua, ingawa mjadala juu ya uzito wa kila moja haujafungwa. Linalojulikana vyema ni kwamba amiloidi huanza kurundikana miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili ya kwanza kuonekana. Mzee anayesahau rakaa leo alianza kuugua alipokuwa bado anakwenda dukani kwake kila asubuhi.

Sasa turudi kwenye Yasini. Mwaka 1991 watafiti Heiko Braak na Eva Braak, wakiwa pia Frankfurt, walionyesha kwamba nyuzi za tau haziuvamii ubongo wote kwa pamoja, bali huanzia pembe moja ndogo upande wa ndani, karibu na masikio, kisha husambaa kwa utaratibu unaoweza kupangwa kwa hatua. Katika pembe hiyo kuna kiungo kiitwacho hipokampasi, kilichopewa jina hilo kwa kufananishwa na farasi wa bahari. Kazi ya kiungo hicho ilifahamika kwa bahati mbaya ya mtu mmoja, Henry Molaison wa Marekani, ambaye mwaka 1953 alikatwa sehemu hiyo pande zote mbili kwa ajili ya kutibu kifafa. Baada ya upasuaji alikumbuka utoto wake, akazungumza vizuri, lakini hakuweza tena kuhifadhi jambo jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, ilimbidi ajitambulishe upya kila walipokutana. Hipokampasi, basi, si ghala. Ni karani wa mapokezi anayeandikisha mzigo unaoingia, na mizigo ya zamani ilishahamishiwa kwenye tabaka la nje la ubongo na kutawanywa huko. Karani akiugua, mzigo wa leo haupokewi, lakini ulioingia mwaka 1955 uko mahali pake. Kisha Yasini si kumbukumbu ya kawaida. Imesomwa mara elfu, kwa sauti, kwa mahadhi, katika khitma na usiku wa Ijumaa, na kila kisomo kiliongeza mzizi. Rakaa ya sasa hivi haina mzizi wowote. Ni hesabu ya dakika tano inayotakiwa kushikwa na kuachwa, na hiyo ndiyo kazi ambayo karani mgonjwa hawezi.

Nisingependa msomaji adhani kwamba Yasini itabaki daima. Tau haisimami. Kadiri miaka inavyokwenda huufikia ubongo wa lugha, wa utambuzi wa nyuso, wa kutembea na hata wa kumeza. Lakini kwa muda mrefu la zamani hukaa, na si dalili ya kujifanya.

Karibu yote niliyoyataja yalifumbuliwa katika bongo za watu wa Ulaya na Marekani. Je, ugonjwa huu unakwenda vivyo hivyo kwa Mwafrika? Swali hilo lilishikwa kwa dhati mjini Ibadan, Nigeria, na daktari wa neva Benjamin Osuntokun, na alipofariki mwaka 1995 likaendelezwa na mwenzake Adesola Ogunniyi wa Chuo Kikuu cha Ibadan, wakishirikiana na Hugh Hendrie wa Indiana nchini Marekani. Mwaka 1992 walianza kuwafuatilia wazee wa miaka 65 na zaidi katika mahali pawili: Wayoruba wa Idikan, mtaa wa kale wa Ibadan, na Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis. Busara ya uteuzi huo ni kwamba asili ya watu hawa iko karibu, ilhali maisha yao yametofautiana mno, hivyo ukiona tofauti kubwa ya ugonjwa huwezi kuikimbilia damu kabla ya kuyatazama maisha.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuhesabu wagonjwa waliopo, nao walikuwa wachache zaidi Idikan. Hapa mtafiti mwangalifu hasherehekei. Uchache wa wagonjwa waliopo unaweza kuwa na maana mbili zinazopingana: huenda watu hawaugui, au huenda wanaugua lakini wanafariki mapema kwa kukosa uangalizi, hivyo anayehesabu anawakuta wamekwisha kuzikwa. Dawa ya utata huo ni kuwachukua wazee wasio na ugonjwa, zaidi ya 2000 kila upande, na kurudi kwao mara kwa mara kuona wangapi wapya wameugua. Walipofanya hivyo kwa takriban miaka mitano, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba Ibadan walikuwa wanapata demenshia kwa kiwango cha asilimia 1.35 kwa mwaka, na Indianapolis asilimia 3.24. Kwa Alzheimer peke yake zilikuwa asilimia 1.15 dhidi ya 2.52. Tofauti ni ya zaidi ya mara mbili, na sasa haiwezi kusukumiwa kwenye vifo vya mapema.

Kilichofuata kilikuwa cha ajabu zaidi. Kuna jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo APOE, na mwenye aina yake ya nne huwa katika hatari kubwa ya Alzheimer. Hilo limejulikana tangu 1993 na limethibitishwa mara nyingi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Miongoni mwa Wayoruba wa Ibadan aina hiyo si adimu, lakini watafiti hawakuuona uhusiano wake na ugonjwa, na hata miaka ya baadaye ulipojitokeza ulikuwa dhaifu kuliko wa Indianapolis. Jeni ile ile, hatari tofauti. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba wazee wa Idikan walikuwa na shinikizo la damu, kisukari na lehemu (mafuta katika damu) kwa kiwango cha chini, ingawa ni wazi kwamba hilo pekee halimalizi fumbo. Nami sioni sababu ya mtu wa Mombasa kujifariji kwa takwimu hizi. Idikan ya 1992 si Majengo wala Kisauni ya leo, ambako sukari na presha ni salamu za kila baraza.

Ipo sehemu ya kazi ya Ibadan isiyotajwa sana, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi. Walimpimaje mtu ambaye hajawahi kushika kalamu? Kipimo kilichozoeleka duniani, kilichotungwa na Marshal Folstein na wenzake mwaka 1975, kina alama 30, nacho kinamtaka mgonjwa aandike sentensi, anakili michoro, na atoe saba kutoka mia mara kwa mara. Mama aliyeuza mahamri kwa miaka arubaini bila kwenda shule ataanguka katika kipimo hicho akiwa na akili timamu, ilhali ukimuuliza chenji ya noti ya mia mbili atakujibu kabla hujamaliza kusema. Timu ya Ibadan na Indiana ilitumia mahojiano yaliyoundwa kwa ajili ya watu wasiosoma, na yakaongezewa sehemu ya pili ambamo anayeulizwa ni jamaa anayeishi na mzee: je, amebadilika? Anapotea njia aliyoizoea? Bado anaweza kupika, kujivisha, kushika pesa?

Kwetu Mombasa mitego ni mingi kuliko ya kusoma na kuandika. Chukua kipimo cha kuchora saa, ambacho mgonjwa hupewa duara akatakiwa aweke tarakimu na mishale ya saa tano na dakika kumi, mshale mfupi ukielekea kumi na moja. Mtu asiyejua Kiswahili cha saa, akitafsiri tarakimu kwa tarakimu, atamwambia mzee achore “saa kumi na moja na dakika kumi,” na mzee mwenye akili zake ataupeleka mshale mfupi kwenye tano, kwa kuwa saa kumi na moja ni alasiri inakaribia magharibi. Ataandikiwa amekosea. Muulize tarehe, naye akajibu kwa mwezi mwandamo. Muulize siku baada ya magharibi ya Alhamisi, naye akasema ni usiku wa Ijumaa. Majibu yote ni sahihi, na kila moja linaweza kumpunguzia alama. Upande wa pili, bibi anayejua kuzungumza kwa adabu na mafumbo anaweza kumzunguka daktari kijana kwa salamu, dua na utani kwa dakika ishirini bila yeyote kutambua kwamba hajui yuko wapi. Kwa sababu hiyo ushahidi wa mkaza mwana anayeona jinsi mchuzi unavyotiwa chumvi mara tatu huenda ukawa na uzito kuliko karatasi yoyote.

Pale ambapo hakuna anayepima, jina hutolewa na wengine. Ng’ambo ya Mtwapa, katika kaunti ya Kilifi, na kusini huko Kwale, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na huko Ganze kituo cha Kaya Godoma kimekuwa kikiwahifadhi waliokimbia kuokoa maisha yao. Sababu za mauaji hayo ni nyingi, ugomvi wa mashamba ukiwa mbele kabisa. Lakini zitazame tabia zinazotajwa na washtaki: mzee anazurura usiku, anaonekana nje ya nyumba ya jirani asijue amefikaje, anazungumza peke yake, anadai ameibiwa. Kila moja ya tabia hizo imo katika maelezo ya demenshia, na kadhaa zilikuwamo katika faili la Auguste Deter.

Mtu akifikishwa hospitalini mapema, kazi ya kwanza ya daktari si kuthibitisha Alzheimer bali kutafuta kinachotibika. Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, kaswende ya zamani, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, na hata huzuni nzito, vyote huweza kuigiza demenshia. Kuweweseka kwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, ni dharura tofauti kabisa, na kwa wazee mara nyingi kunatokana na maambukizi ya njia ya mkojo au dawa waliyopewa. Alzheimer haiji kwa siku mbili.

Ama dawa, zilizo nafuu kama donepezili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, huziongezea nguvu ishara kati ya seli zilizobaki bila kuugusa ugonjwa wenyewe. Mwaka 2023 iliidhinishwa huko lekanemabu, inayoondoa amiloidi kwenye ubongo. Katika jaribio la miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27, takwimu iliyopamba vichwa vya habari, lakini katika kipimo chenye alama 18 tofauti kati ya waliopewa dawa na wasiopewa haikufika nusu alama. Katika jaribio hilo ilitiwa kwenye mshipa kila wiki mbili, na picha za ubongo za MRI hurudiwa kwa sababu huweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu. Familia yenye uwezo wa kuulizia dawa hiyo ng’ambo inastahili kuambiwa tarakimu zote mbili.

Kinga imepiga hatua zaidi kuliko tiba. Jopo la jarida la tiba la Lancet lililoongozwa na Gill Livingston lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya demenshia duniani vinahusiana na mambo 14 yanayoweza kubadilishwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, sigara, lehemu, upweke, na kutosikia vizuri. Hilo la masikio huwashangaza watu. Mzee asiyesikia hujitenga na baraza, na ubongo usiosemeshwa hukosa mazoezi.

Kwa mzee wetu wa adhuhuri, yamebaki machache lakini si kidogo. Akiswali peke yake chumbani, hesabu ya rakaa inamtegemea yeye. Akisimama katika safu ya jamaa, imamu ndiye anayehesabu, naye hufuata takbiri tu, rukuu na sijda zikija kwa mwili uliozizoea. Anahitaji mtu wa kumpeleka msikitini na kumrudisha, kwa maana kujua amefika wapi njiani, hata ikiwa ni vichochoro viwili, nako kunaitegemea hipokampasi ile ile iliyoshindwa na rakaa.